Pasipoti Sandukuni, Mtoto Mgongoni

Namuwongo ni mahali ambapo mtu haulizwi ametoka wapi mpaka siku atakayopatwa na shida. Upande wa juu umeinuka mlima wa Muyenga, ambao wenyeji wa Kampala huuita Tank Hill kwa ajili ya matangi ya maji yaliyojengwa kileleni, na huko wanakaa wenye nafasi pamoja na wageni wa mashirika. Upande wa chini iko reli iendayo Port Bell, uko mfereji wa Nakivubo, na liko bonde la matete ambalo mvua zikizidi hukumbuka kwamba lilikuwa bonde tangu zamani. Baina ya mlima na mfereji ndipo vilipobanana vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango. Waganda huviita vyumba hivyo mizigo, neno ambalo Mtanzania akilisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mwenye nyumba anamwuliza habari za masanduku yake.

Katika safu moja ya vyumba hivyo, si mbali na reli, wanakaa watu wa nchi nne. Chumba cha kwanza ni cha mzee wa Kijaluo kutoka upande wa Kenya, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu. Cha pili ni cha fundi cherehani wa Kikongo na wanawe. Cha tatu wanakaa mume na mke: mume ni Mganda, fundi wa kutengeneza simu, na mke ni Mhaya kutoka wilaya ya Missenyi, mkoa wa Kagera. Mbele, katika nyumba kubwa ya mama mwenye vyumba, amepanga muuguzi kijana wa Kiholanzi aliyekuja kujitolea katika zahanati. Wote hawa huchota maji katika bomba moja na kuanika nguo katika kamba moja. Lakini kila mmoja ana karatasi ya namna yake inayomruhusu kuwako hapo, na karatasi hizo hazifanani hata kidogo.

Habari za karatasi hazikuwa zikizungumzwa katika ua huo mpaka Jumatatu moja jioni, mama Mhaya alipopigiwa simu na shangazi yake kwamba baba yake mzazi amezidiwa, na kwamba anamtaja mjukuu ambaye hajamwona.

Mama huyo alifungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, akaitoa pasipoti yake ya Tanzania iliyofungwa ndani ya kitambaa. Pasipoti ilikuwa bado hai. Lakini muhuri wa mwisho uliogongwa ndani yake ulikuwa wa siku alizorudi kutoka kwao akiwa na mimba ya miezi minane, na chini yake afisa alikuwa ameandika miezi sita. Mtoto sasa ana miezi kumi na moja. Hesabu haikuhitaji karani: muda wake wa kukaa Uganda ulikuwa umekwisha yapata nusu mwaka, na mtoto mwenyewe hakuwa na karatasi yoyote duniani ila ile taarifa ya kuzaliwa iliyoandikwa na hospitali.

Yafaa kueleza hapa jinsi mambo yalivyo, maana wengi wanadhani kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imefuta mipaka. Haikuifuta. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulitiwa sahihi mjini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kanuni za itifaki hiyo zinampa raia wa nchi mwanachama haki ya kupewa pasi ya kuingia bila ya malipo, na pasi hiyo yaweza kumruhusu kukaa mpaka miezi sita. Neno kubwa hapo ni "mpaka". Afisa wa dirishani huandika muda anaouona unalingana na maelezo ya msafiri. Anayesema anakwenda harusini kwa wiki mbili asishangae kuandikiwa wiki mbili. Kwa hiyo mtu asome muhuri wake akiwa angali mbele ya dirisha, si akiwa ndani ya basi, kwani dirishani kosa husahihishwa kwa dakika moja na mjini husahihishwa kwa mwezi.

Tena pasi ya mgeni si kibali cha kazi. Aliyepata ajira katika nchi nyingine ya Jumuiya hutakiwa kuomba kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kufanya mkataba, na ajira isiyozidi siku 90 ina pasi yake maalumu. Mwanafunzi ana pasi yake, na mke au mtoto wa mtu ana kibali cha mtegemezi. Mama wetu alikuwa akikaanga maandazi alfajiri na kuwauzia wafanyakazi waendao viwandani, naye aliona kuwa hayo si kazi bali ni maisha. Afisa angeweza kuona vingine.

Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda vizuri kwa sababu ya safari za Krismasi na za misiba. Kila alipotoka kabla ya muda kwisha na kurudi, alipata muhuri mpya, asijue kuwa jambo alilokuwa akilifanya kwa ajili ya kusalimia wazazi ndilo lililokuwa likimweka halali. Mtoto alipozaliwa safari zikakatika, na uhalali ukakatika nazo. Ndivyo inavyowapata akina mama wengi walioolewa ng'ambo ya mpaka. Hawakuvunja sheria siku yoyote wanayoweza kuitaja. Sheria iliwapita kimya kimya walipokuwa wakinyonyesha.

Siku ya pili yake, Jumanne, alikuja kijana mmoja aliyesikia habari sokoni. Kazi yake ni kuzunguka na pasipoti za watu. Alisema apewe pasipoti na fedha kiasi cha bei ya mbuzi, naye ataipeleka mpakani kwa basi la usiku na kuirudisha imegongwa muhuri wa kutoka na wa kuingia, mwenyewe akiwa amekaa nyumbani. Kuhusu mtoto alicheka tu. Mtoto, alisema, hufungwa mgongoni na kupitishwa kwa boda boda kwenye vishamba vya migomba, na hakuna amwonaye.

Mume alivutiwa. Si mtu mbaya. Alikuwa akihesabu siku za mkwewe. Ndipo mzee wa Kijaluo, aliyekuwa amekaa kizingitini kwake akisikiliza, akamwita.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikuwa mtoto mwaka 1970 wakati baba yangu alipofukuzwa nchi hii. Unajua walimwuliza nini? Walimwuliza karatasi."

Mwaka huo, katika utawala wa Milton Obote, wafanyakazi wa Kenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo, waliondolewa Uganda. Walikuwamo watu wa reli, wa viwanda na wa mashamba, waliokuwa wamekaa miaka mingi bila ya kuulizwa chochote. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin akawapa Waasia siku 90. Mambo hayo yamekwisha kuwa historia, na Jumuiya ya sasa imeundwa ili yasirudi. Lakini mzee huyo, ambaye leo huvuka mpaka wa Busia akiwa na kitambulisho chake cha taifa tu, kwa mapatano ya Kenya, Uganda na Rwanda yaliyoanza Januari 2014, bado hutembea na kitambulisho hicho ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, mfukoni mwa shati, upande wa moyo.

Alimweleza kijana fundi jambo ambalo mwuza mihuri hakulisema. Siku hizi mpakani muhuri ni alama ya nje tu. Mambo yenyewe yamo ndani ya mashine, ambayo humpiga msafiri picha na kuchukua alama za vidole vyake. Pasipoti yenye muhuri ambao mashine haiujui ni mbaya kuliko pasipoti iliyopitwa na muda, kwa kuwa kupitwa na muda ni kosa la faini, bali muhuri wa uongo ni kosa la jinai. Mke angetoka katika kundi la watu waliochelewa na kuingia katika kundi la watu walioghushi. Na mtoto aliyepitishwa vichochoroni hurudi na nini? Hakuonekana akitoka, hataonekana akiingia, na mama aliyembeba mtoto asiye na karatasi huweza kudhaniwa kuwa ni mwizi wa watoto. Jambo hili la mwisho ndilo lililomshtua mume.

Kijana wa pasipoti akaenda zake, na asubuhi ya Jumatano kazi ikaanza.

Kazi hiyo ilikuwa na sehemu mbili, na sehemu ya mama ndiyo iliyokuwa nyepesi. Alikwenda kwa maafisa wa uhamiaji kwa miguu yake, amefuatana na mumewe, amebeba pasipoti, picha ndogo, barua ya mwenyekiti wa LC I wa mtaa wao inayowatambulisha, na taarifa ya kuzaliwa kwa mtoto. Alisema ukweli. Faini ya kupitisha muda huhesabiwa kwa siku, na siku zake zilikuwa nyingi. Walilipa kwa fedha za duka na kwa mkopo kutoka chama cha akiba cha akina mama wa mtaa. Risiti ikatunzwa. Akapewa muda mfupi wa kutengeneza mambo yake na kuondoka kwa heshima. Mtu ajipelekaye mwenyewe aghalabu husikilizwa kuliko aliyekamatwa, na hilo ni kweli katika kila nchi.

Sehemu ya mtoto ndiyo iliyokula siku. Zamani mtoto mchanga aliandikwa ndani ya pasipoti ya mama yake, akasafiri kwa jina la mama. Siku hizi kila mtoto, hata awe wa wiki moja, hutakiwa kuwa na hati yake. Mtoto huyu ni raia wa Uganda bila ya ubishi, kwa kuwa Katiba ya mwaka 1995 humhesabu kuwa raia wa kuzaliwa kila mtu ambaye mmoja wa wazazi au babu na bibi zake ni raia wa kuzaliwa. Kwa upande wa mama ana haki ya Utanzania pia, kwa kurithi, nazo sheria za Tanzania humvumilia mtoto kushika uraia wa nchi mbili mpaka afikapo utu uzima, ndipo achague. Haki zilikuwa mbili. Karatasi haikuwako hata moja.

Ili apate hati ya kusafiria, kwanza apate cheti cha kuzaliwa. Ili apate cheti cha kuzaliwa, taarifa ya hospitali ilingane na kitambulisho cha baba. Hapo ndipo palipokuwa na jiwe. Muuguzi aliyejaza taarifa usiku ule wa kuzaliwa alikuwa ameliandika jina la baba kwa herufi moja pungufu. Herufi moja! Waganda hurudufu konsonanti katika majina yao, na mama mzazi akiwa Mhaya mwenye uchungu hakuwa katika hali ya kusahihisha tahajia. Kurudi hospitali, kutafuta daftari la mwaka uliopita, kumtafuta mwenye mamlaka ya kuweka sahihi kwenye sahihisho, kurudi tena siku mashine itakapokuwa ikifanya kazi: siku tisa zikaenda katika herufi hiyo. Basi mama yeyote aliyetoka kujifungua, au baba aliyesimama karibu naye, aitazame taarifa ya mtoto kabla ya kuondoka wodini, aisome jina kwa jina huku kitambulisho kikiwa mkononi.

Katika siku hizo tisa muuguzi wa Kiholanzi alikuwa akija jioni kuuliza mambo yamefika wapi, akagundua kwamba yake pia hayakuwa sawa. Yeye alikuwa ameingia kwa viza ya utalii ya Afrika Mashariki, ile iliyoanza mwaka 2014, ambayo kwa dola 100 humruhusu mgeni kutembea Uganda, Kenya na Rwanda kwa siku 90. Aliambiwa na wageni wenzake kwamba siku zikikaribia kwisha aende Busia, anywe soda upande wa pili, arudi na siku nyingine 90. Shauri hilo ni bovu kwa sababu mbili. Kwanza, Kenya na Uganda ni nyumba moja katika viza hiyo. Kuvuka Busia ni kama kutoka sebuleni kwenda jikoni, siku haziongezeki. Pili, akitoka nje ya nchi hizo tatu, kwa mfano akimsindikiza mama Mhaya Mutukula, viza yenyewe hufa na humbidi aombe nyingine. Tena viza ya Uganda huombwa kwa mtandao kabla ya safari, pamoja na kuonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kubwa kuliko yote ni kwamba alikuwa akifanya kazi. Kazi ya kujitolea, isiyo na mshahara, bado ni kazi mbele ya sheria, na vibali vya Uganda vimepangwa kwa herufi, ambapo daraja la G ndilo la waajiriwa pamoja na watu wa kujitolea na wamisionari. Zahanati ndiyo iliyopaswa kumwombea, ikiambatisha hati zake za usajili, naye alete cheti cha tabia njema kutoka polisi wa kwao. Alipoelezwa hayo alisema kwamba katika nchi yake hakuna mgeni ambaye angethubutu kujitolea hospitalini bila ya kibali. Mzee wa Kijaluo alicheka mpaka akakohoa.

Fundi cherehani wa Kikongo yeye hakusema neno katika mazungumzo hayo, na yafaa kueleza kwa nini. Yeye ni mkimbizi aliyeandikishwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa haki ya kufanya kazi na kutembea, haki ambazo wakimbizi wa nchi nyingi hawanazo. Lakini karatasi yake ina sharti lisiloandikwa kwa herufi kubwa: mtu aliyesema kwamba nchi yake inamtisha akionekana akiingia huko na kutoka kwa ajili ya biashara au harusi, anaweza kuulizwa kama tisho lile lingali liko. Mji wa mpakani wa Bunagana, njia ya kwao, uliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Juni 2022. Mama yake yuko upande ule. Alipokufa dada yake alituma fedha za sanda kwa simu, akaendelea kushona sare za shule. Kwake yeye, mama Mhaya aliyekuwa akilia kwa sababu ya herufi moja alikuwa mtu mwenye bahati, lakini hakumwambia hivyo. Alimshonea mtoto kofia.

Siku ya kumi na tano tangu ile simu ya kwanza, shangazi alipiga tena. Mzee alikuwa amefariki usiku.

Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimepatikana siku iliyotangulia, na hati ya kusafiria ya mtoto ilikuwa imeahidiwa kwa siku mbili zijazo. Wahaya hawakai na maiti siku nyingi. Usiku huo hakuna aliyemtazama mwenzake usoni katika chumba cha tatu. Kijana wa pasipoti alipita nje akiongea kwa sauti, na mume akainuka kitandani, akakaa, akalala tena. Kama mama huyo angejifunga mtoto mgongoni na kupita kwenye migomba usiku uleule, ni nani angethubutu kumhukumu? Hakufanya hivyo. Baba yake mwenyewe alikuwa mtu wa mpakani, aliyeona mwezi wa Oktoba na Novemba 1978 majeshi ya Amin yakiingia Kagera na kulivunja daraja la Kyaka, watu wakakimbilia ng'ambo ya mto na ng'ombe wao wakabaki. Tangu hapo hakupenda kumwona mtu akitokea vichakani. Alipokuwa akimwoza binti yake Uganda alimwambia maneno machache tu kuhusu safari: awe anaingia kwa mlango.

Siku ya kumi na nane wakaondoka, mama na mtoto; mume alibaki kulinda duka na kulipa deni. Alikuwa amemwandikia barua ya ridhaa, inayosema kwamba yeye baba halali wa mtoto fulani amekubali mtoto asafiri na mama yake kwenda Tanzania kwa muda wa wiki tatu, akaitia sahihi mbele ya wakili, na nakala ya kitambulisho chake ikaambatishwa. Barua kama hiyo si kila afisa huiuliza. Ikiulizwa nayo haiko, safari huishia hapo.

Mkoba wa mkono ulipangwa na mama mwenye nyumba, mtu aliyezoea safari. Karatasi zote katika mfuko mmoja wa nailoni, na nakala zake katika mfuko mwingine uliowekwa penginepo. Kadi ya manjano ya mama, ambayo kwa masahihisho ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 haipitwi tena na miaka kumi, hudumu maisha. Kadi ya kliniki ya mtoto, kwa kuwa Uganda ilianza mwezi wa Oktoba 2022 kuwachanja watoto homa ya manjano wakiwa na miezi tisa. Uji katika chupa ya chai. Nepi za kutosha siku mbili, si moja, kwa kuwa magari hulala njiani. Shilingi za Uganda za kufika mpakani na shilingi za Tanzania kidogo za kuanzia upande wa pili, ili mtu asilazimike kubadilisha fedha kwa vijana wa barabarani akiwa amechoka na mtoto analia, maana hesabu za vijana hao huwa za haraka mno.

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Kampala mpaka Masaka ni kilomita 130 hivi, ukivuka Ikweta pale Kayabwe, na kutoka Masaka kupita Kyotera mpaka Mutukula ni kilomita zipatazo 90. Mpaka wenyewe ni mstari ulionyooshwa juu ya ramani na Waingereza na Wajerumani katika karne ya 19, ukifuata nyuzi moja kusini ya Ikweta, bila ya kumwuliza Mhaya wala Mganda. Mtu akitazama migomba ya upande huu na ya upande ule haoni tofauti.

Tangu Novemba 2017, wakati Marais John Magufuli na Yoweri Museveni walipokifungua, Mutukula ina kituo cha pamoja. Msafiri aingiaye Tanzania hupita jengo la Uganda bila ya kusimama, akaenda moja kwa moja kwenye jengo la Tanzania. Humo, chini ya paa moja, humkuta kwanza afisa wa Uganda wa kumtoa, kisha afisa wa Tanzania wa kumpokea. Wasiojua hukosea hapa: hugongewa muhuri wa kwanza, wakafurahi, wakatoka, kumbe wameondoka nchi moja bila ya kuingia nyingine. Mihuri ni miwili. Mwenye mizigo ya kuuza aulizie palepale cheti cha asili kilichorahisishwa, ambacho humwondolea ushuru mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000. Mama huyo hakuwa na cha kuuza.

Afisa wa Uganda alizitazama zile risiti za faini, akazitazama karatasi za mtoto moja moja, akauliza, "Baba wa mtoto yuko wapi, nnyabo?" Alipewa barua ya ridhaa. Afisa wa upande wa pili aliuliza anakwenda kwa nani, naye mama akajibu, "Msibani, kwa baba." Yule afisa akampa pole, akampungia mkono mtoto. Yote hayo hayakuchukua nusu saa.

Mzee alikuwa amezikwa siku mbili kabla, katika kibanja chake, kama ilivyo desturi. Shangazi walimpokea kwa kilio, wakamchukua mtoto, wakampeleka kaburini na kumtaja kwa jina la ukoo. Kaka mkubwa ndiye aliyeuliza kwa nini amechelewa hali ya kuwa kutoka Kampala ni safari ya siku moja. Mama alifungua mfuko wa nailoni, akamwonyesha karatasi moja baada ya nyingine, mpaka ile yenye sahihisho la herufi moja. Kaka alizisoma zote mpaka mwisho. Akazikunja, akazirudisha mfukoni mwake zilivyokuwa, na jioni hiyo akamwita mke wake na kumwuliza zilipo karatasi za wanao.

Katika wiki tatu za matanga lilizuka shauri kwamba mume naye ahamie Bukoba, wakae karibu na mama mjane, afungue duka la simu. Shauri lilikuwa zuri kwa moyo. Lakini mwezi wa Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia biashara kadhaa ndogo ndogo, na kutengeneza simu ni mojawapo, pamoja na uwakala wa fedha za simu na saluni. Jirani za Tanzania, hasa Kenya, walinung'unika wakisema amri hiyo haipatani na Soko la Pamoja. Fundi hawezi kungoja marais wamalize mazungumzo ndipo afungue duka. Kwa hiyo ni mke atakayeendelea kuwa mgeni Namuwongo, wala si mume kuwa mgeni Bukoba.

Walirudi kwa njia ileile, wakigongewa mihuri miwili katika jengo la Uganda, na mama akasoma wa kwake akiwa dirishani: miezi sita. Mtoto, kwa kuwa ni raia, hakuandikiwa muda wowote.

Lililobaki sasa ni ndoa. Ilifungwa kwa mila, kwa kwanjula, mbele ya watu wengi na mbuzi na vitambaa, lakini haikuandikwa popote. Sheria ya Uganda hutaka ndoa ya kimila iandikishwe ndani ya miezi sita baada ya sherehe. Iliyochelewa huandikishwa kwa maelezo na kwa ada. Bila ya cheti cha ndoa mke hawezi kuombewa kibali cha mtegemezi, wala baadaye hati ya ukaazi, na itambidi aendelee kuhesabu miezi sita sita kama mpangaji ahesabuye kodi. Kuhusu kuuchukua uraia wa Uganda, hilo amekataa kulifikiri kwa sasa, kwa kuwa Tanzania haina uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima na kibanja cha baba bado hakijagawanywa.

Mume amekwisha kwenda gombolola kuulizia. Ameambiwa alete mashahidi wawili waliohudhuria kwanjula, na barua ya LC I, na picha. Shahidi mmoja yuko Namuwongo. Wa pili ni shangazi wa mke, yule aliyepiga simu, naye hajawahi kuwa na pasipoti. Juma lililopita alitumiwa nauli ya kwenda Bukoba mjini kuiulizia, na mjukuu wake akaonywa asome jina lake herufi kwa herufi kabla bibi hajatia sahihi.